Moyo wa Nadhir Mtaliana

Vijana wa klabu ya mpira walikuja nyumbani siku ya nne baada ya mazishi, wakakaa barazani bila ya kugusa kahawa. Thuwaini, aliyekuwa nahodha wao miaka mingi, aliniomba niandike habari za maisha ya shemeji yangu Nadhir, zisomwe klabuni siku ya hitima. Alisema mimi ndiye mwenye kalamu katika nyumba hii, kwa kuwa nasomesha. Nimekubali, lakini nimemwambia nitaandika na lile lililotokea Ibra, kwa sababu watu wanalisimulia kila mtu kwa namna yake na mimi ndiye niliyelifanya. Dada yangu Turkiya, mjane wake, yumo edani. Nimemsomea kila neno, amenipa ruhusa.

Nadhir alizaliwa Kismayu mwaka 1943. Mama yake alikuwa Mbajuni, msusi wa mikeka. Baba yake Mtaliana, msimamizi wa shamba la migomba karibu na mto Juba. Baba alimwandikisha kwa jina la Renzo. Mama alimnong'oneza Nadhir sikioni, na hilo ndilo jina lililokwenda naye kaburini. Alipotimia miaka minane mapadri walimchukua kumsomesha Mogadishu, na alipotimia kumi na miwili alipandishwa meli akapelekwa Italia, katika bweni la watoto kama yeye, ambao baba zao waliwapa jina wasiwape nyumba. Mama yake hakumwona tena.

Alituhadithia kwamba kule watoto wenziwe hawakutaka kuzungumza naye, lakini kwenye mpira walimtaka. Alikuwa na mbio na alikuwa haogopi kuumia. Akiwa na miaka kumi na minane timu ya mji mmoja mdogo ilimchukua, timu ya daraja la tatu, na aliichezea miaka saba, beki wa kushoto. Si kwamba alikuwa mashuhuri. Kazi yake ilikuwa ni kumganda fowadi mmoja kama kupe mpaka mtu yule achoke na maisha yake. Alisema, "Shemeji, watu walilipa kiingilio kuwaona wengine. Mie nilikuwa yule wanayemzomea."

Kule kwao kila mchezaji lazima apimwe na daktari kabla ya msimu kuanza, na daktari asipopiga muhuri huchezi. Mwaka 1968 daktari aliusikiliza moyo wake, akausikiliza tena, kisha akamwita daktari mwenziwe naye akausikiliza. Walimwambia nyama ya moyo wake imenenepa kupita kiasi na njia ya damu imebanwa. Akikimbia sana unaweza kusimama ghafla, bila ya homa, bila ya onyo. Muhuri haukupigwa. Alikuwa na miaka ishirini na mitano na hakujua kazi nyingine yoyote, basi akajifunza ufundi wa mitambo mikubwa, na kwa ufundi huo ndipo alipofika Oman mwaka 1973 na kampuni iliyokuwa ikitengeneza barabara.

Habari hiyo ya daktari, watu wa Sur, mji wetu huku Oman, hawakuijua. Nimeitanguliza hapa ili msomaji aogope mapema kama nilivyoogopa mimi.

Sisi tulikuwa tumetoka Unguja miaka miwili kabla yake. Siku moja Nadhir alisimama dukani Sur akasikia wanawake wawili wanateta kwa Kiswahili juu ya bei ya mchele. Wanawake hao ni mimi na Turkiya. Alibaki pale na kopo lake la maziwa mkononi, machozi yanamtoka, mtu mzima na mikono yake ya grisi. Turkiya akamwambia, "Kaka, kama mchele ndio unaokuliza, chukua wewe." Akajibu kwa Kibajuni, na sisi tukacheka mpaka mwenye duka akatutoa nje.

Alikuja kuposa baada ya miezi sita. Alikwisha tamka shahada mbele ya imamu wa msikiti wa mtaa wetu, na alikuwa akisali safu ya nyuma, akimwangalia wa mbele yake asikosee. Marehemu baba yetu, Bwana Humoud, alimkalisha chini.

"Kwenu ni wapi?"

"Sina kwetu, Bwana. Ndiyo nakutafuta."

"Na kazi yako?"

"Matinga ya barabara. Zamani nilikuwa nacheza mpira."

"Mpira si kazi," akasema baba. "Lakini matinga ni kazi. Haya, Alhamdu unaijua?" Akaisoma, akakwama mahali pamoja, baba akamsaidia. Hivyo ndivyo alivyoozeshwa, akahamia kwetu.

Klabu ilikuwa ikicheza kwenye kiwanja cha mchanga karibu na khori, ule mkono wa bahari unaoingia mjini. Alikwenda kutazama mara moja, na Ijumaa ya pili alikuwa ndani, mguuni amevaa viatu vya kuazima. Msimu mzima wa mwaka ule alicheza, watu wakaanza kuja kumtazama Mtaliana anavyokaba. Mimi nilifurahi kama wengine.

Mwezi wa Oktoba 1975, alasiri, alirudi kutoka mpirani. Turkiya alikuwa kwa jirani na mtoto wao wa kwanza, Zuhair, na baba alikuwa msikitini. Nilikuwa nasahihisha madaftari sebuleni, nikasikia birika la maji limeanguka uani. Nilipotoka nilimkuta amelala kifudifudi pale alipokuwa akitawadha, maji yanapita chini ya shavu lake. Midomo ilikuwa na rangi ya majivu. Nilimgeuza, nikaweka sikio kifuani, na sikusikia kitu. Nilitaka kupiga kelele lakini sauti ilikataa. Sijui muda gani ulipita. Kisha moyo ule ukapiga, ukanyamaza, ukapiga tena kama mtu anayegonga mlango wa nyumba asiyoijua, na yeye akafungua macho.

Pale pale uani, mgongo ameuegemeza ukutani, alinieleza habari za daktari. Kisha akasema, "Shukriya, hii ni amana. Usimwambie Turkiya. Usimwambie yeyote."

"Basi acha mpira."

"Nikiacha mpira nitakuwa fundi wa matinga asiye na kwao."

"Shemeji, umekufa hapa sasa hivi. Nimekuona."

Mwisho tulifanya mapatano: yeye hatacheza tena, atafundisha tu, mimi sitasema. "Kocha anasimama mahali pamoja," aliniambia. "Hata mzee wa miaka tisini anaweza." Niliapa. Nilikuwa na miaka ishirini, na niliona nimemwokoa mtu.

Klabuni alisema goti limemshinda. Walisikitika, wakamfanya kocha.

Namna alivyofundisha wengi wenu mnaikumbuka. Mabeki wanne aliwafunga viunoni kwa kamba moja ya katani, akawaambia waende kushoto, waende kulia, wapande, warudi. Anayekwenda peke yake anawaangusha wote. Wiki za mwanzo ilikuwa ni kuanguka tu na kutukanana. Thuwaini alipata kumwambia, "Kocha, mie nimekuja kucheza mpira, mie si punda." Akajibiwa, "Punda angekwisha elewa." Baada ya mwezi kamba iliondolewa na wao waliendelea kwenda pamoja, kama bado wamefungwa.

Kitu cha pili kilikuwa lugha. Nusu ya timu ilikuwa ni watoto wa Unguja na Pemba, na wenyeji wa Sur walijifunza upesi. Nadhir alisimama pembeni akipiga kelele kwa Kiswahili: "Pandeni!" "Rudini!" "Mwacheni huyo, mkabeni wa nyuma yake!" Vijana wa Tiwi na wa Jalan hawakuelewa. Walikuwa wakitazamana tu, na huku Musallam, fowadi wetu, ameshapita. Kila timu iliyokuja ilifungwa. Sisi watu wa Sur tukajiona Kiswahili ni mali yetu peke yetu.

Nilikwenda kila mchezo. Kaka yetu Ghanim aliegesha gari pembeni ya kiwanja, mimi na Turkiya tukakaa nyuma, vioo vimeshushwa kidogo. Mchezo wenyewe ulinipita, mimi namtazama Nadhir. Akipiga kelele mshipa wa shingo ulimsimama, nami nikaanza Ayatul Kursiyyu. Akiinama kuokota chupa ya maji nilishika mlango mpaka ainuke. Turkiya alinitazama siku moja akasema, "Wewe mwana una jini la mpira. Hata refa hatoki jasho hivyo." Nilicheka naye. Usiku nilikuwa nikisikia kikohozi cha Nadhir upande wa pili wa ukuta, na kisipokuja nilikaa kitandani nikingoja. Miaka minne nilikaa hivyo, na dada yangu analala naye chumba kimoja hajui.

Mwaka 1979 tulipangiwa kucheza Ibra, mji wa ndani, mbali na bahari. Atakayeshinda angekwenda Nizwa kucheza fainali. Tuliondoka Sur baada ya sala ya alfajiri, tukapita Kamil, vumbi limetujaa mpaka kwenye kope. Kiwanja cha Ibra kilikuwa cha changarawe, kimezungukwa na watu wengi kuliko nilivyopata kuona, wengine wamekaa juu ya ukuta wa shamba la mitende.

Mpira ulipoanza Nadhir alisimama pembeni kama kawaida yake. "Pandeni!" akapiga kelele. Mabeki wetu wakapanda. Na mafowadi wa Ibra, kabla ya mguu wa mtu wetu kuinuka, wakarudi nyuma hatua tatu wasiotee, wakapokea mpira, wakapita katikati. Bao. "Mwacheni huyo, mkabeni wa nyuma yake!" Yule wa nyuma akahama, wa mbele akabaki peke yake na golikipa wetu. Bao la pili.

Hapo ndipo nahodha wao, kijana mrefu anayeitwa Hashil, alipokuja mpaka kwenye mstari, akaweka mkono kifuani kwa adabu.

"Shikamoo, kocha! Tumekusikia vizuri. Ila wenzetu wa upande wa kule wanaomba useme kwa nguvu kidogo."

Ukuta mzima ulipasuka kwa kicheko. Mzee mmoja akaita kutoka juu, "Mwambieni nusu ya Ibra imezaliwa Unguja, na nusu iliyobaki Tabora na Bujumbura!" Ni kweli, na sisi tulikuwa wa kwanza kulijua. Baba yetu mwenyewe alikuwa na jamaa zake Ibra. Lakini kwa kushinda shinda tulisahau, na Nadhir, mtoto wa Kismayu, hakuwa na wa kumwambia.

Kipindi cha pili hakutamka neno. Alijaribu kwa mikono, na vijana wetu hawakuzoea mikono, wakawa wanagongana wenyewe. Beki wetu wa kushoto akateguka mguu. Niliona Nadhir anamtazama yule kijana anavyobebwa. Kisha nikaona anavua shati. Ndani alikuwa na jezi.

Ghanim akapiga usukani kwa furaha. "Leo mtaona mpira wa Ulaya!"

Turkiya alipiga makofi. Nilimwambia Ghanim, "Nenda kamtoe." Akanigeukia, "Nani, mimi? Shukriya, hebu tulia bwana, mpira ndiyo kwanza unaanza." Na hakika ulianza. Alicheza kama vile hakupata kuacha. Alikaba, aliwasukuma wenzake kwa mikono, huyu huku, huyu kule, na wao wakaanza kwenda pamoja. Musallam akafunga bao moja. Watu wa Ibra wenyewe walimshangilia. Mimi nilikuwa nahesabu: anapumua mara mbili kwa kila hatua, sasa mara tatu. Nilisoma dua zote nilizozijua, zikachanganyika, nikawa nasema "ya Rabbi, ya Rabbi" tu. Amana ilikuwa shingoni mwangu. Niliapa. Nilijiambia mwenye kuvunja amana ni mnafiki, na hapo hapo nikaona anainama, mikono juu ya magoti, na anapoinua uso, midomo ina rangi ya majivu.

Nilifungua mlango.

Sikumbuki kuvuka mstari. Nakumbuka changarawe iliyoingia ndani ya kandambili, na buibui langu linanikamata miguuni. Refa alipiga filimbi, kisha akaishusha, hajui afanye nini. Mwanamke alikuwa hajapata kuingia kiwanjani Ibra. Watu mia kadhaa walinyamaza pamoja. Nilisimama katikati yao nikasema kwa lugha niliyokuwa nayo, na sauti ile iliyokataa uani siku ile, sasa ilitoka yote:

"Mtoeni! Ana maradhi ya moyo! Daktari alimkataza mpira, anajua, anakufa mbele yenu!"

Hapakuwa na mtu asiyeelewa. Wachezaji wa timu zote mbili, wazee wa juu ya ukuta, muuza maji. Na Turkiya, mlangoni mwa gari.

Nadhir alinitazama kama mtu aliyeamshwa. "Umenivua nguo mbele za watu, Shukriya," alisema taratibu.

Aliyejibu ni Hashil, yule mwenye mzaha. Alimshika mkono akasema, "Kocha, kaa chini. Kaa, sisi tutakungoja." Nadhir akapiga hatua mbili kuelekea pembeni na magoti yakamkatikia. Hashil alimdaka kabla ya kichwa kufika chini. Walimbeba watu wanne, wawili wao na wawili wetu, mpaka kwenye gari, na siku hiyo hiyo akapelekwa Muscat.

Daktari wa Muscat alisema yale yale ya yule wa Italia, akampa vidonge vya kumeza maisha yake yote. Kwenye ukumbi wa hospitali Turkiya alikaa upande wa pili wa benchi. "Miaka minne," alisema. "Miaka minne umeniacha nilale na mtu huyu, nimtume sokoni kwenye jua, nimbebeshe magunia, nimkasirishe. Ungeniambia, ningemkasirisha?" Nilimwambia niliapa. Akasema, "Uliapa juu ya mume wangu." Baada ya hapo hakuzungumza nami ila ya lazima, na Nadhir hakuzungumza nami kabisa. Ramadhani ilikuja, watu wakaombana radhi, mimi nilisimama mlangoni mwao nikarudi. Niliogopa asije akafa hajanipa radhi, na niliogopa kwenda kuiomba, maana mtu hukataa.

Mwezi wa tano tangu Ibra alikuja mwenyewe, nimo jikoni. Alibaki nje ya mlango.

"Shemeji. Klabu wananitaka. Nimewaambia nitakaa kitini."

"Nani atakuweka kitini?"

"Ndilo lililonileta. Hawa wote wakiniona nasimama wataniogopa. Wewe huniogopi."

"Nakuogopa kuliko wote," nilimwambia.

Alicheka kidogo. "Basi ogopa ukiwa karibu."

Ndiyo radhi niliyoipata, na nikaipokea. Kuanzia hapo mpaka mwaka huu alikaa kitini na filimbi shingoni, na gari letu lilisimama nyuma yake. Akisimama mara ya tatu Ghanim alipiga honi, naye akakaa, na vijana wakacheka: "Kocha, umeitwa!" Tulishinda kombe la mkoa mara moja, tukafungwa na Nizwa mara tatu. Woga wangu haukupungua hata mchezo mmoja. Niliuzoea kama anavyouzoea mtu mzigo wa kichwani, lakini shingo inaujua.

Mwezi wa Machi mwaka huu wa 1987, siku ya Jumanne, nilikuwa darasani. Hakukuwa na mpira wala jua kali. Alikuwa amemaliza sala ya dhuha, ameketi juu ya msala, Turkiya anamletea chai. Alisema, "Weka hapo," na hakusema tena. Innalillahi wa inna ilayhi rajiun. Niliyemlinda miaka kumi na miwili aliondoka saa ambayo sikuwa namtazama.

Tangu hapo nimekuwa nikiogopa upya. Naamka nikijiuliza kama nilimfungia mlango wa riziki yake ya mwisho, kama angefurahi zaidi kwa miaka michache ya kukimbia kuliko minane ya kukaa. Na naogopa Siku ya Hesabu nitakapoulizwa juu ya amana ile, jinsi nilivyoiweka ilipokuwa si ya kuwekwa, kisha nikaivunja mbele ya kaumu.

Juzi nilimwambia Turkiya hayo. Alikuwa amekaa chini, kashika kitana, mbele yake yuko binti yao mdogo, Badriya, anachanwa nywele. Hakuinua macho. Alimaliza fungu moja, akalisuka, akalifunga uzi.

"Badriya ana miaka sita," alisema.

Nilihesabu kurudi nyuma mpaka Ibra, miaka minane. Kisha nikakaa upande wa pili wa mtoto, nikaanza fungu jingine.